Majumba Marefu: Kiburi au Uwekevu?

Msomaji, huenda umepata kusimama chini ya jumba la orofa nyingi, ukainua uso mpaka shingo ikauma, kisha ukajiuliza: watu hawa walitafuta nini huko juu? Wako wasemao kuwa walitafuta sifa tu, na kwamba aliye juu mngoje chini. Hukumu hiyo ni nyepesi. Kabla ya kuishika yatupasa kuifanya hesabu yenyewe.

Tuseme kiwanja katikati ya mji kimenunuliwa kwa shilingi milioni 100. Ikijengwa orofa moja tu, mzigo wote wa bei ile huielemea hiyo moja. Zikijengwa 10, kila moja huchukua milioni 10. Zikiwa 50, kila moja huchukua milioni 2. Mwenye kiwanja hakuongeza ardhi hata shubiri moja, lakini nafasi ya kufanyia kazi imezidi mara nyingi. Ndiyo maana majumba haya huota pale ambapo ardhi ni ghali, wala hayaoti nyikani. Tena mji uendao juu hauna haja ya kutambaa mbali. Nairobi imetambaa, na mashamba mengi ya kahawa ya Kiambu yamegeuka mitaa. Basi kupanda juu si kiburi kwa asili yake. Ni uwekevu wa ardhi.

Zamani uwekevu huu haukuwezekana, kwa kuwa ngazi zilimchosha mpangaji na kuta zilimla nafasi. Mwaka 1854, huko New York, Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa lililoinuliwa kwa kamba, kamba ikakatwa kwa makusudi, na jukwaa likazuiwa na breki yake lisianguke. Watu wakaanza kuiamini lifti. Katika Chicago, sehemu ya kwanza ya jumba la Monadnock ilikamilika mwaka 1891 ikiwa na orofa 16 zinazobebwa na kuta za matofali. Kuta hizo zina unene wa karibu mita 1.8 upande wa chini. Lakini tangu mwaka 1885, katika mji huo huo, jumba la Home Insurance lilikuwa limeonyesha kwamba mifupa ya chuma yaweza kuubeba uzito, na ukuta ukabaki kuwa kama nguo tu.

Je, basi tupande bila kikomo? La. Turudi kwenye hesabu yetu. Kutoka orofa 1 hadi 10, kila orofa iliokoa milioni 90. Kutoka 50 hadi 100 itaokoa milioni 1 tu. Wakati huo huo gharama huzidi: msingi lazima uende chini zaidi, nguzo zinenepe, upepo upingwe, na njia za lifti ziongezwe, nazo hula nafasi ya kila orofa zinamopita. Mwaka 1930 Clark na Kingston walipiga hesabu ya namna hii kwa kiwanja kimoja cha New York, wakaona kuwa orofa 63 ndizo zingeleta faida bora. Mwaka uliofuata, Empire State likafunguliwa katika mji huo likiwa na orofa 102, biashara ikiwa imeanguka, na vyumba vyake vingi vikakaa vitupu kwa miaka.

Tazama pia Burj Khalifa la Dubai, lililofunguliwa mwaka 2010. Lina mita 828, na zaidi ya mita 200 za juu hazikaliwi na mtu. Watetezi wake husema kuwa jina lake hupandisha bei ya viwanja vinavyolizunguka. Huenda ni kweli. Lakini faida ya kuwashinda wengine kwa urefu hudumu mpaka lijengwe jumba lililo refu zaidi.

Wewe usomaye leo, kesho huenda ukawa mjenzi, diwani, au mlipa kodi tu ambaye fedha zake zitajenga. Utakapoletewa picha ya jumba refu, usilicheke wala usilishangilie. Uliza swali moja: je, orofa yake ya mwisho italipa deni lake yenyewe? Ikiwa italipa, jumba hilo ni uwekevu, hata likigusa mawingu. Ikiwa haitalipa, ni kiburi, na deni la kiburi mara nyingi hulipwa na walio chini.