Aliyechoma chokaa naye ni mjenzi

Ukitajwa Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, hutajwa pia Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta huko mwaka 1331 na kuusifu ukarimu wake. Sina ugomvi na sifa hiyo. Ninachouliza ni hiki: chokaa iliyoshika mawe ya msikiti ule, aliichoma nani?

Vitabu vimenyamaza. Ardhi ndiyo inayosema kidogo. Wataalamu wa mambo ya kale wanapofukua tanuri la chokaa hawategemei kukuta dhahabu. Hukuta udongo ulioungua ukawa mwekundu, majivu, vipande vya mkaa na matumbawe yaliyoiva nusu. Mkaa huo hupimwa, ukajulikana umri wake na hata aina ya mti. Hapo unaiona kazi yenyewe: matumbawe yamebebwa, kuni zimekatwa na kupangwa, moto umefikishwa nyuzi joto 900 hivi, kisha jiwe lililoiva likamwagiwa maji, likachemka na kuwa unga unaobabua ngozi na kuumiza macho. Kazi unaiona, jina la mtu halimo.

Na Ibn Battuta huyo huyo anaeleza kuwa Sultani alikuwa akiwashambulia watu wa bara na kuchukua ngawira. Basi nani atathubutu kuapa kwamba kila aliyebeba mzigo pale Kilwa alikuwa huru, na alilipwa?

Atatokea wa kusema: thawabu zao ziko kwa Allah, yatosha. Naam, Allah hasahau. Lakini kutosahau Kwake hakutufutii sisi deni. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Hakuwatoa katika amri hiyo wanaojenga misikiti.

Leo mijini tunajenga misikiti ya ghorofa. Jiwe la msingi lina jina la mgeni rasmi na la mfadhili. Kibarua aliyebeba zege, mara nyingine huambiwa jioni: "Vumilia, hii ni kazi ya Mungu." Kazi ni ya Mungu, sawa, lakini wenye njaa ni wanawe.

Kwa hiyo nasema, kabla kamati haijachonga jina la yeyote ukutani, ifungue kwanza daftari la vibarua na ihakikishe hakuna anayedai. Ukuta uliosimama kwa haki ya mtu iliyozuiwa, tutamjibu nini Mwenye nyumba?