Nimwombe Apunguze Mpaka Wapi?

Tangu tulipofundisha kutoka Walawi 25, watu kadhaa wamenishika mlangoni baada ya ibada na swali moja, na dakika tano za mlangoni hazilitoshi. Swali lenyewe ni hili: ukipata nyumba inauzwa milioni 7.5, Mkristo anaruhusiwa kuanzia ngapi? Saba? Sita? Au anaweza kutaja tano bila kuona haya?

Wako wanaosema mtu aliyeokoka hafai kuomba apunguziwe hata kidogo. Wanamtaja Ibrahimu katika Mwanzo 23: Efroni alitaja shekeli 400, na Ibrahimu akapima fedha bila kubisha. Wanamwongeza Daudi katika 2 Samweli 24, aliyelipa shekeli 50 na huku mwenye uwanja alikuwa tayari kumpa bure. Sioni kwamba visa hivi vinatukataza chochote. Ibrahimu alikuwa mgeni anayetafuta mahali pa kumzika mkewe, na alitaka shamba liwe lake mbele ya mashahidi, asije mtu baadaye akasema alisaidiwa tu. Daudi alikuwa anatafuta mahali pa kumtolea Mungu sadaka, na sadaka isiyokugharimu haina maana. Hakuna kati yao aliyekuwa na mkopo wa Sacco wa miaka sita. Hapa kwetu muuzaji akisema 7.5, mara nyingi ameshaongeza ya kupunguza. Yeye anajua utaomba, broka anajua, hata askari wa geti anajua. Ukimjibu kwa bei ya chini hujamdanganya mtu. Ni lugha yetu sote, kama ile ya kununua viatu Gikomba, ila huku sifuri ni nyingi.

Kwa hivyo kuomba, omba. Shida iko kwenye kile unachokiegemea unapoomba.

Watu hupenda nitaje asilimia. Kumi, Mchungaji? Ishirini? Nilisoma biashara chuo kikuu, na huko tulifundishwa kwamba nambari ya kwanza kutajwa huvuta mazungumzo yote upande wake, na kwamba kati ya watu wawili mezani, mwenye haraka ndiye hulipa. Yote mawili ni kweli, nimeyaona kwa macho yangu. Lakini la pili ni maelezo ya jinsi soko linavyofanya kazi. Halikuandikwa liwe ruhusa. Ukilichukua kama ruhusa, kazi yako kama mnunuzi inakuwa kuchunguza muuzaji ana shida gani, na kadiri shida ilivyo kubwa ndivyo unavyofurahi.

Sasa tazama Walawi 25 inavyopanga bei. Ardhi ilikuwa inarudi kwa mwenyewe mwaka wa yubile, kwa hiyo mnunuzi alikuwa ananunua mavuno. Miaka ikiwa mingi, bei inapanda. Miaka ikiwa michache, bei inashuka. Mnunuzi ana haki kamili ya kusema, "Ndugu, imebaki miaka saba tu, siwezi kulipa ya ishirini." Bei inashuka kwa sababu ya kitu kinachouzwa. Katika maneno hayo hayo Mungu anakataza ndugu kumwonea ndugu, na mistari michache mbele anaanza kumzungumzia mtu aliyefanywa maskini hata akauza urithi wake. Umaskini wake haukuwekwa kwenye hesabu ya bei. Umewekwa kwenye hesabu ya msaada: jamaa yake aje amkomboe.

Hapo ndipo mimi nimepata kipimo changu. Sababu ya bei yangu, naweza kumwambia muuzaji usoni? Mabati yameoza upande wa jikoni, fundi amesema 250,000. Ukuta una unyevu. Barabara ya kuingia haipitiki mvua ikinyesha. Nyumba mbili za jirani zimeuzwa chini ya hapo, na wenyewe wameniambia. Au tuseme tu: pesa nilizo nazo ni hizi. Yote hayo unaweza kuyasema mkiwa mmeketi naye sebuleni, unakunywa chai yake. Lakini jaribu kusema hii: "Mama, nimeweka tano kwa sababu nimesikia mzee yuko hospitali na huna namna." Haitamkiki. Na kama haitamkiki, kwa nini imekaa ndani ya nambari yako?

Sikutunga mfano huo. Mume na mke wa kanisa letu walikuwa wanaangalia nyumba ya vyumba vitatu upande wa Kitengela, bei 7.5. Broka akampigia dada simu usiku: "Madam, huyo mama ana shida kubwa, bili ya hospitali inapanda kila siku. Weka tano, usiongeze hata shilingi. Wiki hii haiishi atakuwa amekubali." Mshirika mwenzao akawaambia hiyo ni kibali cha Bwana, mlango umefunguka. Ndugu akaja ofisini, na namheshimu kwa kuja, kwa sababu tofauti ilikuwa milioni mbili na nusu na hakuna mtu angejua.

Nilimwambia wazi kwamba sipendi neno "kibali" likitumika hivyo. Tunapenda kwenda kwenye ploti, tunaizunguka, tunaikanyaga kwa imani, tunamwomba Mungu ashushe bei. Haya, omba. Lakini je, umeuliza Mungu ataishusha kwa njia gani? Kama njia ni mume wa mwanamke mwingine alale wodini mwezi mwingine, basi hayo ni maombi ya kupelekwa nyuma yakatengenezwe upya. Na msidhani mlipaji mzuri yuko salama tu kwa sababu analipa vizuri. Ahabu, katika 1 Wafalme 21, alimpa Nabothi bei nzuri, hata shamba lililo bora zaidi. Alichoshindwa kukubali ni neno hapana.

Ndugu akaniuliza swali zuri. "Lakini Mchungaji, yeye ndiye ana haraka. Nikimpa pesa haraka, si ni mimi nimemsaidia? Mnunuzi wa mkopo wa benki atamzungusha miezi." Hapa lazima tuwe wakweli: haraka ina bei. Mauzo ya kawaida huchukua kama siku 90 tangu kutia sahihi, na mnunuzi hutanguliza asilimia 10 tu. Pesa hiyo mara nyingi hukaa kwa wakili mpaka hati miliki ibadilishwe. Ukija na pesa taslimu umeleta kitu ambacho mwingine hana, na unaweza kukiombea punguzo, tena usoni pake: "Mama, mimi sitakuchelewesha, kwa hiyo nipunguzie." Anaweza kupima kama inamfaa. Hapo unauza kitu chako. Broka yeye alikuwa anauza hofu ya yule mama. Hata Sheria ya Ardhi ya 2012 inaielewa tofauti hii kwa kiasi chake: benki inapouza nyumba ya aliyeshindwa kulipa, inatakiwa kwanza ithaminishe na itafute bei bora inayoweza kupatikana kwa njia za kawaida. Mdaiwa ameshindwa, ndiyo, lakini haruhusiwi kutupwa.

Kuna kesi ngumu kuliko hiyo, ya muuzaji asiyejua ana nini. Shosho anauza shamba kwa bei ya miaka kumi iliyopita, na wewe umeshaona wapimaji wa barabara. Agustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, anasimulia juu ya mtu aliyetajiwa bei ndogo ya kitabu na muuzaji asiyejua thamani yake, akamlipa bei inayostahili, muuzaji mwenyewe hakuitarajia. Siwezi kuwaambia kila mmoja wetu afike hapo. Mfanyabiashara anayeamka saa kumi kutafuta habari ana haki ya kufaidika na kazi yake. Lakini shosho akikuuliza, "Mwanangu, hii ni bei ya haki?", usimjibu kwa Mithali 20:14, yule mnunuzi anayeiponda bidhaa mbele ya mwenyewe kisha anajisifu akifika nyumbani.

Nanyi wauzaji msitabasamu sana. Bei inayoongezeka nusu milioni kwa sababu mnunuzi ameshuka kwenye gari kubwa, au ana mtoto Marekani, hiyo nayo haitamkiki. Halafu kuna wale wanaopatana, mnunuzi na muuzaji pamoja, waandike bei ndogo kwenye mkataba ili ushuru wa stempu upungue, asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Huo ni uongo wenye sahihi mbili na wakili shahidi.

Wale wawili waliketi na fundi na hesabu zao, wakaenda kwa mama wenyewe, bila broka. Walitaja 6.4 na wakamweleza moja moja: mabati, unyevu, barabara, na nyumba za jirani. Mama akabisha juu ya unyevu, akawaonyesha kwamba ni bomba tu lililokuwa linavuja na limeshatengenezwa. Wakakubaliana 6.8. Ndipo akaomba kitu kingine: alipwe asilimia 20 siku ya sahihi, na asilimia 10 iende moja kwa moja hospitali badala ya kukaa kwa wakili. Wakili wao alikataa katakata, na kwa kazi yake alikuwa sahihi, maana mauzo yakivunjika pesa hiyo kuirudisha ni kazi. Dada akamwambia mama hivyo hivyo, kwamba hiyo ni hatari kwao na wangependa 6.7. Mama akafikiri kidogo, akasema sawa, akamwita kijana alete daftari.