Pambo la Meza Katika Karamu ya Arusi



Mwezi uliopita, baada ya darasa ya Magharibi, mzee mmoja wa mtaani petu alibaki amekaa mpaka watu wakatawanyika. Mkononi alikuwa na karatasi. Ilikuwa ni hesabu aliyopewa na mpambaji wa ukumbi ambamo binti yake atatolewa. Meza zilikuwa 40, na katikati ya kila meza paliandikiwa chombo kirefu cha kioo, maua, na vitaa vidogo, kwa kukodi shilingi 2,000. Jumla yake ni shilingi 80,000. Na asubuhi yake vyombo hurudi kwa mwenyewe na maua hutupwa jaani.

“Wanangu,” akatuuliza, “ni vibaya mtu kukopa kwa jambo la heri?”

Tulimjibu kuwa jambo la heri ni ndoa, na kwamba chombo cha kukodi si nguzo ya ndoa wala si sunna yake.

Wala tusifahamike vibaya. Hatusemi kuwa maua ni haramu, au kuwa arusi ifanywe kama matanga. Katika Suratul Aaraf, aya ya 31 inawaamrisha watu wachukue mapambo yao, wale na wanywe, wala wasifanye israfu. Na aya ya 32 inayoifuata inamkanya yule anayeharamisha pambo ambalo Mwenyezi Mungu amewatolea waja wake. Aya mbili hizi zimekaa pamoja, basi mtu asishike moja akaiacha ya pili. Pambo ni halali. La kutazamwa ni fedha yake imetoka wapi, na limewekwa ili liwafae wageni au ili liwatie wivu majirani.

Mtume wetu (s.a.w.) alipomuoa Bibi Safiyya, katika mwaka wa 7 wa Hijra, alikuwa njiani akitoka Khaybar kurudi Madina. Anas bin Malik amesimulia, na Bukhari ameipokea, kuwa katika karamu ile hapakuwa na mkate wala nyama. Zilitandikwa ngozi, zikawekwa tende, na maziwa yaliyokaushwa, na samli. Kilichokuwa katikati ya watu ndicho walichokila. Na Abdurrahman bin Auf, aliyekuwa hodari wa biashara, aliambiwa afanye karamu ijapokuwa kwa mbuzi mmoja.

Basi turudi kwenye karatasi ya mzee wetu. Sisi watu wa pwani tuna asumini. Vifumba vyake huchumwa alasiri kabla ya kufunguka, vikafunikwa kwa kitambaa chenye majimaji, na ikifika Isha vimefunguka na nyumba nzima inanukia. Mawaridi tunayoletewa kutoka Naivasha ni mazuri kwa macho, lakini mengi yake ukiyanusa hupati kitu. Sinia moja ndogo katikati ya meza, sahani ya halua, tende, na asumini na vitawi vya mrehani vikizunguka: hilo ni pambo, nalo huliwa na hunuswa. Tena ni la chini. Mgeni humwona uso mgeni mwenziwe wa ng'ambo ya meza, jambo ambalo vile vyombo virefu vya kioo hulizuia. Halua nayo hununuliwa, hatusemi ni bure. Lakini ingalinunuliwa vivyo hivyo, kwani arusi gani ya kwetu isiyo na halua? Masinia yamo majumbani, na kuazimana ni desturi yetu ya zamani, kila mtu akitia alama chombo chake kisipotee. Na kinachosalia hufungwa kikapelekwa kwa jirani mgonjwa ambaye hakuweza kuja.

Mzee akasema hayo anayajua. Tatizo ni kuwa madada wa bwana arusi walikuwa na vyombo vya kioo katika arusi zao, na mkewe anaona haya kuonekana chini yao. Hapa ndipo yalipo maradhi. Wala wanaume tusiwacheke kina mama, kwani nasi tunashindana kwa makoti na misafara ya magari.

Katika Bukhari pia imepokewa na Bibi Aisha kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga sana na deni katika Sala, na alipoulizwa sababu yake alieleza kuwa mtu akidaiwa husema akasema uwongo, na huahidi akavunja ahadi. Nani kati yetu hajamwona mtu mwema akipita njia ya nyuma ili asikutane na mwenye duka? Mzee wetu tunamjua kwa ukweli wake miaka mingi, na shilingi 80,000 za vioo zingaliuvunja kabla ya mwaka kwisha.

Baada ya wiki alirudi. Arubuni alikuwa bado hajatoa, kwa hiyo hakupoteza kitu. Mkewe ameridhia masinia, na wasichana wa mtaa wamejitolea kuchuma na kutunga asumini. Lakini binti mwenyewe ameomba chombo kimoja cha kioo, kile chenye vitaa, kiwekwe mbele yake atakapokaa. Tukamuuliza mzee kama anazo hizo shilingi 2,000 mkononi bila ya kukopa. Akasema anazo. Tukamwambia, basi mpe mwanao.