Ni Nani Atuambiaye "Basi"?



Nzi akitua juu ya sukari huionja kwa miguu. Katika miguu yake mna vinyweleo vya kuonjea; vikigusa utamu, mara mrija wa kinywa hushuka, naye huanza kufyonza. Baada ya muda mfupi huacha, ijapokuwa sukari ingalipo. Ni nini kimwambiacho kwamba ameshiba?

Mtaalamu wa Marekani, Vincent Dethier, alilichunguza jambo hili miaka mingi katika nzi wa mizoga. Mwaka 1958 yeye na mwenzake Dietrich Bodenstein walieleza kwamba sukari iliyomo katika damu siyo imzuiayo nzi. Kinachomzuia ni mshipa mwembamba wa fahamu utokao kwenye utumbo wa mbele hata ubongoni. Utumbo ukitanuka, mshipa hupeleka habari, na ulaji hukoma. Walipoukata mshipa huo, nzi aliendelea kufyonza hata akavimba kupita kiasi.

Je, tumsifu nzi mzima kwa kiasi chake, na kumlaumu aliyekatwa mshipa kwa ulafi? La. Wa kwanza hakuchagua kuacha, wala wa pili hakuchagua kuendelea. Kiasi kisicho na uchaguzi si wema, ni maumbile tu.

Nasi tumbo letu hutuambia limejaa. Hata mlafi mwishowe husukuma sahani. Lakini ghala halina mshipa, wala shamba, wala kitabu cha benki. Mwenye ekari mbili hutamani ya tatu, na akiisha kuipata hasikii kujaa popote. Hapo sote tu kama yule nzi aliyekatwa mshipa, ila kwa tofauti moja: sisi twaweza kujua kwamba mshipa haupo. Neno "basi" hatuna budi kujiambia wenyewe.

Wengine watasema, "Tukisema basi leo, kesho watoto watalala njaa." Hofu hiyo si ya kudharauliwa, na akiba si dhambi. Lakini akiba ina kazi yake, nayo huhesabika: karo ya mwaka, chakula mpaka mavuno, mbegu za msimu ujao. Tamaa haina hesabu.

Basi na tuketi nyumbani, mume na mke, tuulizane: kiasi gani kitatutosha? Tusipoweza kujibu swali hilo, hatutashiba, hata tupewe nini. Na jirani yetu ataendelea kungoja makombo yasiyoanguka.