Ndege wa Mto Lwengera

Ndugu msomaji, usishangae gazeti letu likikupa leo habari za ndege. Jambo lenyewe lilinipata mimi, na halinipi sifa, lakini nimeona yafaa niliandike.

Sisi wa Magoma tumo bondeni, Usambara Magharibi upande huu na Usambara Mashariki upande ule, na katikati unapita mto Lwengera uendao kuingia Pangani. Siku moja wakati wa masika watoto walirudi mtoni mbio wakipiga kelele kwamba wameona nyoka. Walipotulia wakasema, la, ni ndege. Mwili wake ulikuwa umezama, shingo tu ndiyo iliyosimama juu ya maji, na mdomo wake mwekundu. Walipomtisha alikimbia juu ya maji akipigapiga mabawa, miguu yake myekundu kama kaa la moto, akaingia chini ya matawi ya mkuyu na kutoweka.

Kwa kuwa mimi ni mwalimu, waliniita. Nikaenda, nikamwona kwa kitambo kisichofika dakika moja. Bata siye, mnandi siye, korongo siye. Watu wazima nao walikuwa wamekusanyika, wakaniuliza, "Mwalimu, ndege gani yule?" Nami nikajibu, "Yule si ndege wa kawaida."

Hebu tuyaangalie maneno hayo, maana nimeyafikiri sana tangu siku ile. Mtu akinishtaki kwamba nilisema uongo, naweza kujitetea. Kweli hakuwa ndege niliyezoea kumwona. Lakini jibu la haki lilikuwa neno moja tu, "Simjui." Neno hilo lingekuwa habari yangu mimi. Nililosema lilikuwa habari ya ndege. Upungufu uliokuwa kichwani mwangu niliuvua, nikamvika yeye, kisha nikasimama pale kama mwenye elimu. Nadhani tunafanya hivyo mara nyingi kuliko tunavyokubali. Mgeni tusiyemfahamu twasema ni mtu wa ajabu. Ugonjwa ambao hatukuuona kabla twasema si wa bure.

Hazikupita siku kumi, neno langu likaota miguu. Ndege asiye wa kawaida akawa ndege wa kutumwa, na ndege wa kutumwa hakosi mwenye kumtuma. Basi kuna bibi mmoja, mjane, ambaye huchota maji chini ya mkuyu ule kabla ya jua kuchomoza, peke yake. Na mtoto wa jirani yake alikuwa kitandani na homa. Mnaona wenyewe hesabu ilivyojumlishwa. Vijana wakaanza kumkwepa njiani, na wadogo waliofundishwa kusema shikamoo wakapita kimya. Sehemu nyingine za nchi yetu, hasa Shinyanga na Mwanza, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu tu, yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Nilipokumbuka hayo sikupata usingizi.

Mtu mmoja niliyemweleza aliniambia kwamba najisumbua. Akasema, "Mwalimu, tukingoja kujua kila kitu hakika, hatutasema lolote." Ana haki kidogo. Mtoto aliyepiga kelele "nyoka!" alifanya vema, hata kama alikosea, maana nyoka hangojei ahesabiwe magamba. Lakini tuulize, ni nani alipaye kosa likitokea? Kosa la mtoto tulililipa wote kwa mbio za bure. Kosa langu sikulilipa mimi hata senti moja, alililipa bibi. Hapo ndipo ninapoona tofauti, na amri ya tisa kwangu imekuwa pana kuliko nilivyoifundisha. Twaweza kumshuhudia jirani uongo bila kumtaja hata jina.

Twasoma katika kitabu cha Mwanzo kwamba Adamu aliwapa wanyama majina. Nilikuwa nimesahau kwamba waliletwa kwanza mbele yake. Alipata kuwaona, tena si kwa dakika moja.

Ng'ambo ya bonde letu, kule Amani, Wajerumani walijenga kituo cha utafiti mwaka 1902. Mwingereza Reginald Moreau alifika huko mwaka 1928, akachunguza ndege kwa miaka mingi pamoja na wasaidizi Waafrika, mmoja wao Salimu Asmani. Ndege mdogo wa msitu ule, mwenye mdomo mrefu, alipewa jina la kitaalamu kwa heshima ya Moreau mwaka 1931, na tangu hapo wataalamu wamemhamisha kundi zaidi ya mara moja. Bundi mkubwa wa Usambara naye, aliyetangazwa mwaka 1908 kuwa aina ya peke yake, siku hizi wengi humhesabu kuwa tawi tu la bundi wa misitu ya Afrika Magharibi na Kati. Wenye kazi hiyo hurudi nyuma na kusema tulikosea, wala hawadharauliwi. Nami niliogopa kudharauliwa na watoto na wafua nguo!

Basi nilipanda Amani kumwuliza kijana mmoja aongozaye wageni katika hifadhi ya msitu. Hakunijibu upesi kama nilivyotarajia. Aliniuliza yeye. Vidole vyake vikoje? Shingo ina mstari mweupe? Anaogelea katikati ya mto au kandokando? Sikuweza kujibu hata moja. Nikarudi, nikakaa na mtoto mmoja nyuma ya matete alfajiri tatu. Ya tatu alitoka, akiogelea kandokando chini ya matawi, kichwa kikienda mbele na nyuma kila apigapo maji. Mstari mweupe ulishuka shingoni. Akapanda juu ya gogo, na mtoto, mwenye macho mazima, akaninong'oneza kwamba miguu si ya bata, kwa maana kila kidole kina ngozi yake pembeni, hakuna utando mmoja unaoviunganisha.

Kijana wa Amani aliposikia hayo akafungua kitabu chake cha ndege. Ndiye Podica senegalensis. Si wa ukoo wa bata wala wa mnandi. Ukoo wake una aina tatu tu duniani, huyu wa Afrika, mmoja wa Asia na mmoja wa Amerika ya Kati na Kusini. Hula wadudu, konokono, kaa na vyura, hujenga kiota juu ya matawi yaliyoinamia mto, na ni mwoga mno, ndiyo sababu watu hukaa naye miaka bila kumwona.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba kulirudisha neno langu. Wengine walicheka, tukaisha. Nyumba mbili walinitazama kama mtu aliyehongwa, na mpaka leo sina hakika kama wameniamini. Homa ya mtoto, namshukuru Mungu, ilikwisha kwa dawa za zahanati.

Kwa bibi nilikwenda mwisho, kwa kuwa palikuwa pagumu kuliko pote. Nilimwamkia, nikamweleza yote, nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Yule ndege? Namwona kila alfajiri. Wapo wawili. Mwaka juzi walilea pale penye tawi lililovunjika." Nikamwuliza mbona hakuwaambia watu. Akasema, "Nani aliniuliza, mwanangu?"

Akataka kujua vitabu vinamwitaje. Nikamwambia kwamba jina lake la kitaalamu lina habari ya Senegali, nchi ya mbali huko magharibi. Bibi akacheka mpaka akaweka ndoo chini. "Senegali gani? Amezaliwa hapa chini ya mkuyu!"