Nani Humtuma Mtoto?

Kila mara zisikikapo habari za kijana aliyeharibiwa na pombe au bangi, watu huuliza swali lile lile: marafiki zake walikuwa akina nani? Swali hilo si baya, ila twaona kwamba huulizwa upesi mno, na pengine na mtu ambaye jioni ile ile amemwita mwanawe wa miaka 8, akamtia fedha mkononi na kumwambia akimbilie dukani akalete sigara mbili. Tupende tusipende, mtoto yule amefundishwa jambo. Amejua bei, amejua jina la sigara, amejua ni duka lipi lifungwalo mwisho usiku, na zaidi ya hayo ameona kwamba kununua sigara ni kama kununua chumvi.

Je, mzazi huyo ana hatia, ikiwa nia yake haikuwa mbaya? Wako watakaosema hana. Sisi nasi tulitumwa, watasema, wala hatukuharibika. Twawaheshimu wazee hao, lakini na wakumbuke walitumwa nini. Mbege ya Wachaga, ipikwayo kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, huchukua siku kadhaa kuwa tayari, hunywewa katika kata mbele ya watu, na isiponyweka mapema huchacha. Hakuna mtoto awezaye kuitia mfukoni akaingia nayo darasani. Pombe kali ya viroba iliingia mfukoni bila shida, na Serikali ikavipiga marufuku vifuko hivyo tangu tarehe 1 Machi, 2017. Lakini kilichokatazwa ni kifuko. Pombe kali yenyewe yaendelea kuuzwa katika chupa, na mtoto aliyezoea kutumwa aijua njia.

Tena umri wa kuanza si jambo dogo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1997 ulionyesha kwamba katika watu walioanza kunywa kabla ya kutimiza miaka 15, yapata 40 katika kila 100 walifikia kuwa watumwa wa pombe wakati fulani maishani; kwa wale waliongoja hata miaka 20 na zaidi, walikuwa kama 10 tu. Huenda baadhi ya wale 40 walikuwa na taabu nyingine nyumbani mwao. Hata hivyo, mzazi mwenye busara hawezi kuipuuza tofauti kubwa namna hiyo.

Hatusemi kwamba Mkristo asinywe kabisa. Bwana wetu alikuwa arusini Kana, na divai haikukosekana. Lakini hebu tuzitazame sherehe zetu za komunyo ya kwanza na kipaimara. Asubuhi mtoto amepiga magoti mbele ya altare. Mchana kreti za bia zimepangwa hata mlangoni, na ubora wa sherehe hupimwa kwa hesabu ya kreti. Mtoto mwenyewe hupewa soda, kisha huambiwa azunguke akiwafungulia wageni chupa. Mwaka mzima wa mafundisho ya dini wapingwa na alasiri moja, nasi wazazi ndio tulioilipia.

Tusiwasahau wenye maduka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumwuzia sigara au pombe mtu asiyetimiza miaka 18, wala haiulizi ametumwa na nani. Basi mzazi amtumapo mwanawe, amwomba jirani yake avunje sheria, na mtoto ndiye shahidi. Twajua hali ya mwenye duka ni ngumu: akimrudisha mtoto mikono mitupu, huenda baba akaja mwenyewe na maneno makali, akiuliza kama fedha zake zina kasoro. Baba huyo twamwomba basi azinunue mwenyewe sigara zake, kwa kuwa dukani amekwisha fika.