NANI ATAKUFUNGUA SANDA?

Kijana mpendwa, umeapa mara ngapi, "Jumatatu naacha pombe"? Jumanne uko kilabuni tena! Sasa wajiuliza: kutafuta watu wanisaidie, si aibu hiyo?

Mwaka 1935, mjini Akron, Marekani, Bill Wilson, mlevi aliyekuwa ameacha, alishikwa tena na kiu. Hakuingia baa. Alimpigia simu mchungaji amtafutie mlevi mwenzake wa kuongea naye. Akakutanishwa na daktari Bob Smith, naye mlevi. Ndipo AA ikaanza, vikundi vya walevi wanaosaidiana. Hakuna ada, sharti ni kutaka kuacha tu.

Utasema, "Yesu anatosha, kikundi cha nini?" Soma Yohana 11. Yesu ndiye aliyemfufua Lazaro. Lakini kumfungua sanda, aliwaagiza watu! Je, hakuweza mwenyewe? Aliweza!

Basi leo ulizia hospitalini au kanisani, kikao cha karibu kiko wapi. Kama unakunywa kila siku, muone daktari kwanza, maana kuacha ghafla kwaweza kuleta kifafa. Kisha nenda, keti, sema kweli. Yesu anakuita utoke kaburini. Usione haya kufunguliwa!